Wangari Maathai: Mwanamke aliyeuliza uwanja ni wa nani

Wewe wa Kisauni, wa Likoni, wa Changamwe, hebu jiulize swali moja kabla hujaendelea kusoma. Ule uwanja mliokuwa mkicheza mpira mkiwa wadogo, bado upo? Kama upo, shukuru. Kama haupo, basi unajua ulivyokwenda. Kwanza zilisimamishwa nguzo, halafu mabati, halafu lori la kokoto likaja usiku, na asubuhi mkakuta mlinzi ambaye hata hamjui kwa sura. Wazee maskani wakasema walikuwa wamesikia fununu. Mama wa viazi karai akahamisha meza yake. Mpira ukahamia barabarani, mkawa mnasimamisha mechi kila tuktuk ikipita. Na hakuna aliyeuliza kitu.

Leo nataka nikusimulie mtu aliyeuliza. Jina lake umelisikia tangu shule ya msingi, tena huenda umelichoka: Profesa Wangari Maathai, mama wa miti, mshindi wa Nobel. Alifariki Septemba 25, 2011, kwa hivyo wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Shida ya kumjua mtu kupitia vitabu vya darasani ni kwamba vitabu humfanya mpole. Unaona picha ya mama amevaa kitenge na kilemba, anatabasamu, ameshika mche. Huoni kichwa kilichopasuliwa kwa sababu ya mche huo.

Alizaliwa Aprili 1, 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mugumo, mti wa jamii ya mkuyu ambao Wakikuyu wanauheshimu, na mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake. Kando ya mti huo palikuwa na chemchemi, na katika maji yake mtoto Wangari alikuwa akichezea mayai ya vyura akidhani ni shanga, akijaribu kuyaokota ajifanyie mkufu. Yalimponyoka kila mara. Miaka mingi baadaye alirudi akakuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Hapo, alivyosimulia mwenyewe, ndipo alipoelewa kwamba wale wazee waliokataza kuni walikuwa wanalinda maji, hata kama hawakuwahi kuliweka jambo hilo katika lugha ya sayansi. Ukiwa na nyanya Mdigo au Mgiriama wa kukusimulia habari za kaya, utajua mara moja nazungumzia nini.

Masomo nitayapitia haraka maana ukiyasoma utaona wivu. Loreto Limuru, kisha mwaka 1960 akawa mmoja wa vijana waliopelekwa Marekani kwa mpango uliokuja kuitwa Kennedy Airlift. Akasomea biolojia Kansas, akachukua shahada ya pili Pittsburgh, akarudi nyumbani 1966 akiwa ameahidiwa kazi katika chuo kikuu hapa Nairobi. Alipofika akaambiwa kazi amepewa mtu mwingine, mwanamume. Akapata nafasi katika idara ya mifugo, akaenda Ujerumani kwa utafiti, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Akafundisha, akapanda cheo, akawa mkuu wa idara.

Juni 5, 1977 akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Kila mti ulikuwa wa kumkumbuka shujaa mmoja wa jamii moja ya Kenya, na mmoja wao ni wetu wa huku Pwani, Mekatilili wa Menza. Hapo ndipo lilipoanza vuguvugu la Green Belt. Wanawake vijijini walifunzwa kuotesha miche, na kila mche uliokua na kushika walilipwa pesa kidogo. Ilipofika 2004 hesabu ilikuwa imefika miti milioni 30. Ya Kamukunji yenyewe, kwa taarifa yako, mingi ilikufa. Ilikosa wa kuimwagilia maji.

Ndoa yake ilivunjika miaka hiyo hiyo. Kesi ya talaka ya 1979 iliendeshwa hadharani, magazeti yakaifanya sinema, naye alipoongea vibaya kuhusu hukumu alitupwa jela, akakaa siku tatu. Mumewe hakutaka aendelee kutumia jina lake. Akaongeza herufi moja tu, Mathai likawa Maathai, akaendelea nalo hadi mwisho. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo ili agombee ubunge, akazuiwa kwa sababu ya kiufundi, na alipotaka kurudi kazini akaambiwa nafasi imejazwa. Akapoteza mshahara na nyumba ya chuo kwa mpigo. Alikuwa na watoto watatu.

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekuja kukutana na lile jengo la orofa 60. Hakuwa na mume mwenye cheo wala kiti bungeni. Mshahara wa chuo haukuwepo tena.

Mwaka 1989 Wangari alidokezewa kwamba chama tawala, KANU, kinataka kujenga ndani ya Uhuru Park. Kama hujawahi kufika Nairobi, Uhuru Park ni ile bustani kubwa iliyo ukingoni mwa katikati ya jiji, yenye ziwa la maboti na nyasi za kulalia. Ilifunguliwa 1969. Jumapili watu wa Eastlands, waliobanana familia nzima ndani ya chumba kimoja, hutoka na watoto wakaenda kukaa pale bila kulipa hata shilingi. Ifikirie kama Mama Ngina ya Nairobi. Wewe wa Likoni unavuka feri Idi Mosi, unakula mhogo wa kukaanga na achari, unatazama meli zinaingia Kilindini, unarudi. Hakuna aliyekuuliza tiketi. Sasa mtu akwambie kesho pale patakuwa na mnara.

Na mnara wenyewe ulikuwa mnara kwelikweli. Orofa 60, mrefu kuliko jengo lolote Afrika. Ungekuwa na makao makuu ya chama, afisi za gazeti la Kenya Times, kumbi, maduka, maegesho ya magari elfu mbili, na sanamu kubwa ya Rais Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200, nyingi yazo za kukopa. Mshirika alikuwa tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell.

Hebu jiweke katika nafasi yake. Chama kimoja ndicho serikali, ndicho polisi, ndicho redio. Ungefanya nini? Yeye aliandika barua.

Najua inasikika jambo dogo. Mapema Oktoba aliiandikia kampuni ya gazeti akiuliza kama habari ni za kweli. Akaandikia afisi ya rais, akaandikia tume iliyokuwa ikisimamia jiji, mkuu wa mkoa, mawaziri, mashirika ya Umoja wa Mataifa. Kwa balozi wa Uingereza aliuliza kama Waingereza wangekubali mnara kama huo uchomeke katikati ya Hyde Park kule London. Kila barua akaipeleka pia kwa magazeti. Majibu hayakuja, lakini wasomaji walianza kuandika kwa wahariri, mmoja mmoja, kwa woga kwanza. Watu waliokuwa wakinong'ona majumbani waligundua kwamba jirani naye ananong'ona.

Wabunge walikasirika. Novemba 1989 walisimamisha shughuli zao za kawaida kwa ajili yake, wakamdhihaki, wakadai ni kundi la wanawake walioachika na waume, wakahoji kwa nini anawakimbilia wageni. Rais mwenyewe, katika sherehe za Jamhuri Desemba mwaka ule, alidokeza kwamba mwanamke wa Kiafrika mwenye adabu huheshimu wanaume na kunyamaza. Serikali ikampa saa 24 kuhama afisi aliyokuwa amepewa miaka mingi nyuma. Makabati, mafaili, wafanyakazi, wote wakahamia nyumbani kwake South C, sebuleni mpaka jikoni.

Kesi nayo ndiyo sehemu ninayotaka usome polepole. Novemba hiyo alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Mahakama haikuchunguza hata kama mnara ni halali. Ilisema Wangari hana haki ya kushtaki, kwa sababu bustani ile haikuwa yake binafsi na hakuwa amepata hasara kuliko Mkenya mwingine yeyote. Umeona mtego huo? Ardhi ikiwa ya mtu mmoja, mwenyewe ataenda kortini. Ikiwa ya wote, basi hakuna hata mmoja anayeweza kwenda. Desemba 11 kesi ikatupwa. Kwa sheria ya wakati ule, uwanja wenu wa mtaani ungeweza kumezwa mchana kweupe na ninyi wachezaji, mashabiki na mama wa viazi karai mngeambiwa kortini kwamba haliwahusu.

Alishindwa kesi, akashinda bustani. Kelele zilikuwa zimeshafika kwa wakopeshaji, na hakuna aliyetaka kuonekana akiipa nchi maskini dola milioni 200 za kununua kivuli. Mapema 1990 mpango ukapunguzwa ukubwa, kisha ukaachwa kimyakimya. Uzio wa mabati uliokuwa umezungushiwa eneo la ujenzi ulikaa pale kwa muda mrefu, kama jino bovu. Februari 1992 ukang'olewa.

Mwisho wa mwezi uo huo, Februari 28, kina mama wazee waliokuwa na wana wafungwa wa kisiasa walikuja kukaa katika kona ya bustani hiyo hiyo, wakagoma kula, Wangari akiwa nao. Kona hiyo ndiyo inayoitwa Freedom Corner hadi leo. Siku chache baadaye polisi walikuja na marungu na vitoa machozi. Wangari alipigwa akazirai, akalazwa hospitalini. Baadhi ya wale wazee walivua nguo mbele ya askari, na wewe uliyelelewa na nyanya unajua uzito wa laana hiyo. Walihamia kanisa la All Saints, karibu na hapo, wakakaa karibu mwaka mzima. Mapema 1993 wana wao karibu wote walikuwa wameachiliwa. Fikiria sasa: kama pale pangekuwa na mnara na mlinzi getini, wale akina mama wangekaa wapi?

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema uwanja ni jambo la starehe. Najua hoja yenyewe, na huku bara ya Mombasa ina nguvu kuliko kwingine. Mitaa mingi ya Likoni, Kisauni na Changamwe ina nyumba bila ardhi: kuta ni zako, paa ni lako, chini ni kwa bwenyenye. Mtu ambaye hata sakafu yake si yake, utamwambia apiganie kiwanja cha mpira? Wangari aliulizwa swali la namna hiyo maisha yake yote, kwamba nchi inahitaji maendeleo yeye anazungumza habari za miti. Jibu lake lilikuwa kwamba tajiri ana bustani nyumbani kwake, ana klabu, ana gari la kumpeleka ufuoni. Asiye na ua wa nyumba ndiye anayehitaji uwanja wa umma. Tajiri haumii mkifunga njia ya kuelekea baharini, maana yake ipo nyuma ya ukuta wake. Wewe ndiye unayezunguka mpaka Pirates.

Na usidhani ardhi iliyoharibika ndiyo basi. Bamburi, hapo Kisauni, kampuni ya saruji ilichimba mawe ya chokaa ikaacha mashimo makavu yenye chumvi. Kuanzia 1971 mtaalamu Mswisi, René Haller, alipanda mivinje humo ndani, na wadudu waliomsaidia zaidi ni majongoo, ambao walitafuna majani yaliyoanguka yakawa udongo. Leo panaitwa Haller Park, pana viboko na twiga. Ni kazi ya ajabu, siipunguzii kitu. Ila pale kuna geti na kiingilio, na mwenye ardhi ni kampuni. Kibarani nako, pale unapotoka kisiwani kuingia Changamwe, palikuwa jaa la taka miaka na miaka, mnaziba pua ndani ya matatu. Jaa likafungwa, pakapandwa miti. Mikoko ya hori la Tudor, kutoka Mikindani hadi Mishomoroni na Junda, bado inakatwa na bado inapandwa, yote mawili kwa wakati mmoja.

Turudi kwa Wangari, maana alikuwa hajamaliza. Mwaka 1998 zikavuja habari kwamba msitu wa Karura, ekari kama 2,500 kaskazini mwa Nairobi, umegawanywa vipande na kupewa watu wenye kampuni zisizojulikana, ili zijengwe nyumba za kifahari. Hapakuwa na mnara mmoja wa kuuonyesha kidole safari hii. Palikuwa na majina mengi kwenye makaratasi, ambayo ndiyo njia ya kawaida. Yeye na wenzake wakawa wanakwenda msituni na miche, wakipanda pale palipofyekwa.

Januari 8, 1999 walifika na miche, pamoja na wabunge na waandishi wa habari, wakakuta kikosi cha vijana waliokodiwa, wenye mapanga na mijeledi. Walipojaribu kupanda mti karibu na geti, walivamiwa. Wangari alipigwa kichwani, damu ikamwagika. Alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha malalamiko, na alipotakiwa kutia sahihi kwenye taarifa, alitia kwa damu yake. Kamera zilikuwa zimenasa kila kitu. Wiki chache baadaye wanafunzi wa chuo kikuu, watu wa umri wako, walimiminika barabarani kwa ajili ya msitu ule, wakapigwa nao. Agosti mwaka huo Rais Moi akatangaza kusitisha ugawaji wote wa ardhi ya umma. Karura bado ipo. Watu wanakimbia humo asubuhi, wanaendesha baiskeli, na wengine hawajui kabisa.

Desemba 2002 serikali ilibadilika. Wangari akachaguliwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura, akawa waziri msaidizi wa mazingira. Serikali mpya iliunda tume ya Ndung'u kuchunguza ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, na ripoti yake ya 2004 ilionyesha kwamba Uhuru Park na Karura havikuwa bahati mbaya mbili. Ilikuwa biashara. Viwanja vya shule, makaburi, misitu, njia za barabara, vyote viliuzwa.

Oktoba 8, 2004 alikuwa njiani Nyeri simu ikaingia kutoka Norway. Mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Nobel ya Amani. Alishuka, akaomba mche, akapanda mti kwenye bustani ya hoteli huku akitazama Mlima Kenya. Miaka mitatu baadaye wapiga kura wa Tetu walimnyima kiti. Siasa ndivyo ilivyo.

Kabla hajafa aliona jambo moja likirekebishwa, ile laini iliyomtoa kortini 1989. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inasema mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, na halazimiki kuonyesha kwamba amepata hasara. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Maana yake, leo barua yako ya kuuliza uwanja umesajiliwa kwa jina la nani ina sheria nyuma yake, kitu ambacho barua za Wangari hazikuwa nacho. Mahakama ya mazingira na ardhi iko Mombasa hapa hapa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mikindani, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda humo, na Julai 2020 wakapewa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa zilifuata, na safari imekuwa ndefu. Lakini hakuna aliyewaambia getini kwamba haliwahusu. Phyllis Omido, aliyesimama nao, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Wangari aliipata hiyo hiyo 1991, wakati mabati ya Uhuru Park yalikuwa bado yamesimama.

Saratani ya ovari ndiyo iliyomuua, akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa ameshasema hataki mti ukatwe kwa ajili yake, kwa hivyo jeneza lilisukwa kwa gugumaji, mafunjo na mianzi. Serikali ikampa mazishi ya kitaifa Oktoba 8, 2011. Kabla ya mwili kupelekwa Kariokor kuchomwa, ibada ilifanyika Freedom Corner, Uhuru Park, kwenye nyasi, na wananchi waliingia bila kulipa.